Goti limesagika na VA wamekataa: dai la nyongeza, mapitio ya juu au Bodi?

Jamaa mmoja niliyetumikia naye kikosi kimoja alinipigia simu Jumapili jioni. "Kaka, wamenikatalia goti tena. Sasa nikate rufaa wapi?" Nikamwambia habari ya goti naijua, tulibeba mizigo pamoja, anisomee barua ya VA, idara ya maveterani ya Marekani iliyokataa dai lake la fidia ya ulemavu. Akaanza na ukurasa wa kwanza, ule wa kumshukuru kwa utumishi wake. Nikamwambia huo auruke, aende pale wanapoeleza kwa nini wameamua walivyoamua. Kimya kidogo, karatasi zikapekuliwa, kisha akasoma: hakuna ushahidi kwamba una ugonjwa wa goti uliothibitishwa na daktari.

Jibu la swali lake lilikuwa mlemle. Shida ni kwamba wengi wetu hatuangalii hapo. Tunauliza fulani alipita njia gani akashinda, tunaifuata hiyohiyo, kumbe fulani alinyimwa kwa sababu nyingine kabisa. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe, na nitalieleza.

Tuko wengi katika safari hii. Kuna walioingia jeshi la Marekani wakiwa na green card, kuna walioingia kwa mpango wa MAVNI uliochukua wahamiaji wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwemo, kabla haujafungwa 2016. Miaka ya kukimbia na buti, kuruka kutoka nyuma ya lori, kubeba mkoba wenye uzito wa mtoto wa darasa la tatu. Sasa tuna miaka arobaini na kitu na magoti ya mtu wa sabini.

Milango mitatu

Zamani rufaa ilikuwa na njia moja ndefu. Sheria iliyopitishwa 2017, ikaanza kutumika tarehe 19 Februari 2019, ndiyo iliyoleta milango mitatu tuliyonayo leo. Wa kwanza unaitwa Supplemental Claim, fomu 20-0995. Hapa nitauita dai la nyongeza. Wa pili ni Higher-Level Review, fomu 20-0996, ambao nitauita mapitio ya juu. Wa tatu ni Board Appeal, fomu 10182, yaani rufaa kwa Bodi ya Rufaa za Maveterani iliyoko Washington, DC.

Kinachotofautisha milango hii ni faili lako. Kwenye dai la nyongeza unaongeza kitu: ushahidi mpya, tena unaohusu kile walichokukatalia. VA wakilipokea wanawajibika kukusaidia kutafuta kumbukumbu ulizozitaja, na wanaweza kukupeleka kwenye kipimo kingine cha C&P, yaani uchunguzi wa daktari wanaouagiza wao ili kupima dai lako. Kwenye mapitio ya juu huongezi hata kijikaratasi. Ofisa mwenye uzoefu zaidi, ambaye hakushiriki uamuzi wa kwanza, anasoma upya yaleyale yaliyokuwamo siku uamuzi ulipotolewa. Chungu ni kilekile, anayeonja ndiye mwingine. Kama chumvi haikutiwa, huyu mwonjaji mpya ataikuta wapi? Bodi nayo ni jaji, na huko unachagua foleni yako, kama nitakavyoeleza.

Kwa hiyo kabla ya kugusa fomu yoyote, jiulize swali moja: kilichonikosesha kimo ndani ya faili, au hakimo?

Kilichokosekana hakimo: dai la nyongeza

Madai ya viungo huanguka kwa kukosa kimojawapo cha vitu vitatu: ugonjwa wa sasa, tukio au dalili wakati wa utumishi, na kamba inayounganisha hivyo viwili. Barua itakwambia ni kipi. Itakwambia pia mambo waliyoyakubali, kwa mfano kwamba uliumia goti mafunzoni. Hayo yashike vizuri, kwa sababu ofisa mwingine wa VA hawezi kuyafuta hivihivi pasipo kuonyesha kosa la wazi.

Kwa baridi yabisi, kipande kinachopotea mara nyingi ni eksirei. Kanuni za VA, kwenye kifungu nambari 5003, zinataka kusagika kwa kiungo kuthibitishwe na picha ya eksirei. Daktari wa zahanati aliyekugusa goti, akasikia linakwaruza kama mlango mkavu, akaandika "maumivu ya goti", hajakupa ugonjwa kwa macho ya kifungu hicho. Ameandika malalamiko yako tu.

Hapa kuna kona moja ya kuijua. Mwaka 2018, katika kesi ya Saunders, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema maumivu yenyewe yanaweza kuhesabiwa ulemavu hata bila jina la ugonjwa, mradi yanapunguza uwezo wa mwili kufanya kazi. Hivyo ikiwa faili lako tayari linaonyesha kuwa maumivu yanakuzuia kuchuchumaa au kupanda ngazi, na bado wamekukatalia kwa sababu ya "hakuna ugonjwa", unaweza kudai kwamba wamekosea sheria, na makosa ya sheria hupelekwa mapitio ya juu. Lakini mimi, kati ya kubishana na ofisa juu ya kesi na kulipia eksirei, ningelipia eksirei. Picha ikionyesha nafasi ya gegedu imekwisha, mjadala wa kama una ugonjwa umekufa.

Kosa langu lilikuwa hapo. Barua yangu ilisema sina ugonjwa uliothibitishwa. Rafiki yangu alikuwa ameshinda mgongo wake kwa mapitio ya juu, nami nikajaza fomu hiyohiyo bila kufikiri. Siku ofisa wa mapitio aliponipigia simu tuzungumze, nikamwambia kwa furaha kwamba nina eksirei mpya, ya mwezi uliopita. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba haruhusiwi kuitazama. Nilikaa na simu mkononi kama mtu aliyefika stendi basi likiwa limeshatoka. Ilinigharimu miezi mitano. Baadaye nilifungua dai la nyongeza kwa picha ileile, nikalipata goti.

Kipande cha pili kinachokosekana ni ile kamba. Eksirei inaonyesha goti limesagika leo. Haisemi limesagika kwa ajili ya nini. Unahitaji daktari aandike kwamba kuna uwezekano wa angalau nusu kwa nusu kuwa ugonjwa umetokana na utumishi, na aeleze sababu. Maelezo ndiyo yenye uzito. Mstari mmoja wa "naamini imetokana na jeshi" hauna nguvu. Aya mbili zinazotaja kuanguka kwako mwaka fulani, matibabu ya kambini, umri wako na kazi ulizofanya baadaye zina nguvu. Kuna njia mbili nyingine. Kama baridi yabisi ilijitokeza kwa kiwango cha ulemavu cha asilimia 10 ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka jeshini, kanuni inachukulia kwamba imetokana na utumishi. Na kama goti la kulia limekubaliwa tayari, na kwa miaka umekuwa ukiegemea mguu wa kushoto hadi nyonga imeharibika, nyonga inaweza kudaiwa kama tawi la goti. Hilo nalo linataka daktari aseme.

Usidharau ushahidi wa watu wa nyumbani. Mke anayekuona ukishuka ngazi kinyumenyume asubuhi, mwenzako wa kikosi aliyeona ulipoanguka, wanaweza kuandika kwenye fomu 21-10210. Waandike walichokiona kwa macho. Utambuzi wa ugonjwa wamwachie daktari.

Kimo, ila wamekisoma vibaya: mapitio ya juu

Mlango huu unafaa sana pale goti limekubaliwa lakini asilimia waliyokupa haieleweki. Hapo inabidi ujue wanavyopima.

Mpimaji ana kifaa cha plastiki chenye mikono miwili, ndugu wa protrakta ya shuleni. Anaweka katikati yake ubavuni mwa goti, mkono mmoja unafuata paja, mwingine unafuata mundi, kisha anakwambia ukunje. Goti zima hukunja hadi nyuzi 140. Kwa kifungu cha kukunja, ukiishia nyuzi 45 unapata asilimia 10, nyuzi 30 unapata 20, nyuzi 15 unapata 30. Ukiangalia namba hizo utaona kwamba mtu anayekunja hadi 110 huku anasaga meno yuko mbali na hiyo 45. Kwa jedwali hilo peke yake, ni sifuri.

Jedwali haliko peke yake. Kanuni ya 4.59 inasema kiungo chenye maumivu kikisogezwa kinastahili angalau kiwango cha chini kinacholipwa, na kwa goti hicho ni asilimia 10. Basi soma ripoti ya C&P, si barua tu; iombe uipate. Kama mpimaji ameandika kwamba maumivu yalionekana wakati wa kukunja, na barua imekupa 0, huna haja ya ushahidi mpya. Ushahidi umo. Wameuruka. Hiyo ni kazi ya mapitio ya juu, na unaweza kuieleza kwenye simu kwa dakika tano: ukurasa fulani wa ripoti, mstari fulani, kanuni 4.59. Pia goti moja linaweza kupewa viwango zaidi ya kimoja, cha kukunja, cha kunyoosha na cha kulegea, kila kimoja kikiwa na dalili zake. Mara nyingi wanatoa kimoja wanafunga faili.

Kuna makosa ya aina nyingine, ya kipimo chenyewe. Tangu kesi ya Correia ya 2016, kipimo cha kiungo kinatakiwa kiangalie maumivu ukisogeza mwenyewe na ukisogezwa, ukiwa umebeba uzito wa mwili na ukiwa hujabeba, na kilinganishwe na kiungo cha upande wa pili pale inapowezekana. Kesi ya Sharp ya 2017 ikaongeza kwamba mpimaji hawezi kukwepa swali la siku mbaya kwa kusema tu hakuziona. Lazima akuulize zinakuja mara ngapi, zinakaa muda gani, zinakuzuia nini, kisha akadirie. Mtu aliyenipima mimi mara ya kwanza hakuuliza lolote la siku mbaya. Alinikunja mara moja, akaandika, akaniambia naweza kuvaa viatu. Nilikuwa nimefika siku nzuri, nimelala vizuri, hali ya hewa kavu. Goti lilikunjika kama la kijana.

Ukionyesha kosa la namna hiyo, ofisa wa mapitio hakupandishii asilimia papo hapo. Anafunga mapitio na kurudisha faili likarekebishwe, mara nyingi kwa kipimo kipya. Ni ushindi, ila ni ushindi wa kurudi kwenye foleni. Na kipimo kipya kinaweza kukukuta tena siku nzuri. Kama kwa miezi umekuwa ukiandika siku ambazo goti lilifura na ukashindwa kwenda kazini, daftari hilo ni ushahidi mpya, na nafasi yake ni dai la nyongeza.

Watu hunung'unikia sifuri kana kwamba wamekataliwa. Sifuri si kukataliwa. Maana yake kamba imekubaliwa, wamebisha uzito tu. Siku hali ikizidi unaomba nyongeza bila kurudia vita vya kuunganisha, na matawi ya nyonga na mgongo yana shina la kushikia.

Bodi, na foleni zake tatu

Bodi ni ya pale ofisi ya mkoa ya VA imekwisha kuonyesha kwamba haitabadilika, au pale jambo lenyewe linahitaji jaji apime nani wa kuaminiwa. Ukijaza fomu 10182 unachagua foleni moja. Ya kwanza, jaji anasoma faili lilivyokuwa, bila nyongeza. Lengo la Bodi ni siku 365. Ya pili unapewa siku 90 za kuongeza ushahidi tangu fomu ipokelewe. Lengo ni siku 550. Ya tatu unaonana na jaji, wengi kwa video, na unaweza kuleta ushahidi siku hiyo au ndani ya siku 90 zinazofuata. Lengo ni siku 730. Linganisha na lengo la siku 125 kwa dai la nyongeza na mapitio ya juu, utaona kwa nini nasema usianzie huku.

Hata hivyo kuna kesi moja ya viungo ambayo foleni ya jaji naiona inafaa kungojewa. Ni ya askari ambaye faili lake la matibabu ya jeshini ni jeupe. Hakwenda zahanati kwa sababu sajenti alimdhihaki wa kwanza aliyekwenda, au alikuwa sehemu ambayo zahanati ni begi la tabibu wa kikosi. Karatasi hazisemi chochote, na ofisi inaandika "hakuna kumbukumbu ya jeraha". Jaji anaweza kukusikiliza ukieleza uliangukaje, ulifunga bandeji ya nani, ulimezaje dawa za maumivu miaka kumi. Maneno yako kuhusu ulichokihisi na kukiona ni ushahidi. Ila peleka pia barua ya daktari. Simulizi la kuanguka bila daktari wa kuunganisha litabaki nusu.

Foleni ya kwanza ya Bodi inafanana na mapitio ya juu, na kama ugomvi ni wa kanuni tupu, hasa uliokwisha kupita mapitio ya juu ukashindwa, ndiko kwa kwenda. Ile ya katikati naiona haina faida kubwa kwa kesi nyingi za magoti: ushahidi huohuo ungeupeleka kwenye dai la nyongeza ukajibiwa mapema zaidi.

Mpangilio nao una masharti. Baada ya mapitio ya juu huwezi kuomba mapitio mengine juu ya uamuzi uleule. Unakwenda dai la nyongeza au Bodi. Baada ya Bodi unabaki na dai la nyongeza, au Mahakama ya Rufaa za Madai ya Maveterani ndani ya siku 120. Dai la nyongeza ndilo pekee unaloweza kulirudia kila unapopata ushahidi mpya.

Mwaka mmoja

Chagua mlango wowote, lakini ingia ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe iliyo kwenye barua. Mapitio na Bodi vinafungwa baada ya hapo. Dai la nyongeza halifungwi, ila ukichelewa unapoteza tarehe yako ya zamani, na malimbikizo yote ya nyuma yanakwenda nayo.

Chukua mfano. Ulidai Machi 2023, wakakataa Oktoba. Ukaomba mapitio Januari 2024, wakakataa Juni. Ukaleta eksirei kwa dai la nyongeza Septemba 2024, wakakubali. Kwa kuwa hukuacha mwaka upite katikati, malipo yanaweza kuhesabiwa tangu lile dai la Machi 2023. Kwa viwango vya 2025 asilimia 10 ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi, na 20 ilikuwa dola 346.95; fikiria hizo kwa miezi yote uliyosubiri. Magoti mawili ya asilimia 10 kila moja, kwa hesabu yao ya ajabu, ni 19, kisha wanaongeza sehemu ya kumi kwa kuwa ni pande zote mbili, inakuwa 20.9, wanaishusha hadi 20.

Kuhusu msaada: wawakilishi wa mashirika ya maveterani kama DAV, American Legion na VFW hawatozi chochote, na kwa dai la nyongeza la kawaida wanatosha. Wakili aliyeidhinishwa anaruhusiwa kulipwa baada ya uamuzi wa kwanza, na kiwango cha asilimia 20 ya malimbikizo kinahesabiwa kuwa cha haki. Kwa Bodi ningemtafuta. Kuna pia madalali wanaopiga simu wakiahidi asilimia 100 kwa kulipwa miezi kadhaa ya nyongeza yako. Waulize kama wameidhinishwa na VA, uone simu itakavyokatika.

Mliorudi nyumbani, Mombasa au Arusha, haki hizi hamjaziacha uwanja wa ndege. Malipo yanaendelea, rufaa inafunguliwa ukiwa huko, na ripoti ya eksirei ya hospitali ya huko ni ushahidi. Barua ya ndugu iliyoandikwa kwa Kiswahili iambatanishe na tafsiri ya Kiingereza. Goti likishakubaliwa, VA wana mpango wa kulipia matibabu yake nje ya Marekani.

Yule jamaa wa Jumapili alipiga eksirei wiki ileile, magoti yote mawili, akiwa amesimama. Fomu 20-0995 imekwenda, na wamemwita C&P mwezi ujao. Ndani ya lori lake ametundika kalenda ya bure aliyopewa dukani, na kila siku goti linapofura anaweka alama ya X na kuandika pembeni alichoshindwa kufanya. Alinitumia picha yake jana. Mwezi huu kuna X tisa, na moja imeandikwa: nimeshindwa kukanyaga klachi, kaka amekuja kunichukua.